KUTULIA NA KUJISIKILIZA: LUGHA NA UPONYAJI WA MOYO WA VIJANA BAADA YA MLIPUKO WA NYIRAGONGO

1. Utangulizi

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka. Wiki kadhaa baadaye, wakazi wa Goma waliokuwa wamekimbia walipokwisha kurudi na shule kufunguliwa tena, neno moja lilisikika mno vinywani mwa wazazi na walimu: «Tulia.» Mtoto akishtuka lori likipita, aliambiwa atulie. Akikataa kulala ndani ya nyumba, aliambiwa atulie. Akilia darasani bila sababu inayoonekana, aliambiwa atulie, kwa maana yaliyopita yamepita. Waliolitamka neno hilo walikuwa na nia njema. Lakini vijana wengi hawakutulia. Baadhi yao walijifunza kunyamaza tu.

Katika makala hii tunanuia kueleza njia moja ya kuwasaidia vijana waliopatwa na msiba wa namna hiyo, njia ambayo wanasaikolojia wa nchi nyingi wameizungumzia sana kwa miaka mingi sasa. Kwa ufupi, ni zoezi la kuelekeza nia kwenye hali ya mwili na moyo kama ilivyo sasa hivi, bila kuikimbia wala kuihukumu. Sisi si madaktari wala wanasaikolojia; kazi yetu ni isimu. Hata hivyo tunaona kwamba jambo hili linatuhusu, kwa kuwa kijana hupewa zoezi hilo kwa maneno, na maneno yakichaguliwa vibaya zoezi lenyewe hugeuka kuwa amri nyingine ya kunyamaza. Tutaanza na mlima na watu wake, kisha tutaitazama hali ya kijana baada ya tukio, dhana yenyewe na jina lake, ushahidi uliopo, na mwisho namna mwalimu anavyoweza kuzungumza na wanafunzi wake.

2. Mlima na watu wake

Nyiragongo una urefu wa meta 3470, na kilele chake kiko umbali upatao kilometa 15 hivi kaskazini ya Goma. Katika kumbukumbu za watu walio hai, mlima huo umemwaga lava mara tatu. Mara ya kwanza ni tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilipotoka kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja. Mara ya pili ni tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katika kiwanja cha ndege na katikati ya mji hata ikaingia ziwa Kivu. Watu wapatao 120 000 walibaki bila makao, na mamia ya maelfu walikimbilia zaidi upande wa Gisenyi, nchini Rwanda. Mara ya tatu ni hiyo ya mwaka 2021. Lava ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba vijijini. Watu wapatao thelathini walipoteza maisha. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka mfululizo kwa siku nyingi, kuta zikapasuka, na tarehe 27 Mei gavana akaamuru mitaa 10 ya mji ihamwe. Watu wapatao 400 000 walishika njia za Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Katika msongamano huo watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Mwandishi wa makala hii alikuwa na umri wa miaka 13 mwaka 2002, naye alitembea usiku kuelekea Gisenyi akiwa amemshika mdogo wake mkono. Mwaka 2021 aliipita njia ya Sake akiwa mtu mzima. Kwa hiyo hasemi kama mtu aliyesoma habari hizi vitabuni tu.

Watu wa Goma hawakukaa kuulilia mlima. Mawe ya lava yaliyoufunika mji mwaka 2002 wameyachonga, wakayajengea nyumba, kuta na shule. Hata katika lugha wamefanya kazi kubwa. Katika eneo hilo kuna hewa nzito isiyoonekana ambayo hutoka ardhini, hujikusanya mabondeni na mashimoni, na huua mtu au mnyama anayeingia humo. Wenyeji huiita mazuku. Neno hilo la Kiswahili cha kwetu limechukuliwa na wanasayansi wa volkano wa dunia nzima, nao hulitumia katika maandishi yao bila kulitafsiri. Mtoto wa huko hajui kemia ya hewa hiyo. Lakini kwa kuwa analo jina lake, anajua mahali pa kutokupita. Hatari isiyoonekana ilipopata jina, watu walipata njia ya kuonyana. Swali letu ni hili: je, yale yasiyoonekana yanayojikusanya moyoni mwa kijana baada ya msiba, tumempa majina yake?

3. Kijana baada ya tukio

Wataalamu wa afya huhesabu ujana kuanzia miaka 10 hadi 19. Ni umri wa mashaka hata pasipo volkano. Kijana si mtoto wa kubebwa mgongoni, wala si mtu mzima wa kushauriwa. Wakati wa kukimbia yeye ndiye anayebebeshwa godoro na kukabidhiwa wadogo. Baada ya kurudi yeye ndiye anayeambiwa kwamba amekua, asilie. Wavulana husukuma chukudu kutafuta chakula cha siku, wasichana huchota maji, na hakuna anayeuliza habari za usiku wao.

Baada ya tukio la kutisha, mwili hukaa katika hali ya kukimbia. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, usingizi huwa mwepesi. Hayo si ugonjwa. Ni kazi ya mwili kulinda uhai, na kwa walio wengi hupungua yenyewe majuma yanapopita. Kwa wengine hayapungui. Picha za tukio hurudi bila kuitwa, ndoto hurudia moto ule ule, kijana huepuka njia na watu wanaomkumbusha, hukasirika upesi, hushindwa kusoma. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumvurugia maisha, wataalamu huhesabu kwamba kiwewe kimekuwa maradhi yanayohitaji tiba. Wahenga waliyajua haya kabla ya wanasaikolojia waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Binti wa dada yetu, aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2021, alilala na viatu miguuni kwa miezi miwili baada ya kurudi. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba miguu inasikia baridi. Hakuna aliyemkemea, lakini pia hakuna aliyejua la kumwambia. Siku moja tu alisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Niko na mawazo mingi.» Msomaji wa Kiswahili sanifu angeweza kudhani kwamba mawazo ni fikra, tena kuwa na fikra nyingi ni sifa njema. Kwetu, kuwa na mawazo ni kulemewa na jambo linalozunguka kichwani bila kupata mlango wa kutokea. Kijana mwingine husema kwamba usingizi unamkataa, au kwamba moyo unapiga mbio. Anayesikiliza vizuri misemo hii anagundua kwamba vijana wetu hawakukosa maneno. Walichokosa ni mtu wa kuyapokea maneno hayo kama habari, badala ya kuyarekebisha kama makosa.

4. Dhana na jina lake

Zoezi tunalolizungumzia lina asili ya zamani katika dini ya Buddha huko Asia. Katika lugha ya Kipali, ambayo maandiko ya dini hiyo yameandikwa, huitwa sati, neno lenye uhusiano na kukumbuka. Mwaka 1881 mtaalamu Mwingereza Thomas William Rhys Davids alilitafsiri kwa neno la Kiingereza ambalo limebaki hadi leo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa chuo cha udaktari cha Massachusetts nchini Marekani, alilitoa zoezi hilo katika mazingira ya ibada akalifanya mafunzo ya majuma manane kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Tangu hapo limeingia hospitalini, magerezani na shuleni. Anayelifanya hatakiwi kuacha dini yake wala kushika nyingine. Mkristo na Mwislamu hulifanya wakabaki na sala zao.

Wafaransa huliita pleine conscience. Hapo ndipo taabu ya kwetu inapoanza, kwa kuwa mwanafunzi wetu husoma kwa Kifaransa na kuwaza kwa Kiswahili. Neno hilo la Kifaransa lina maana mbili: ufahamu wa mtu juu ya hali yake, na dhamiri inayomhukumu. Anayetafsiri kwa haraka atasema «dhamiri kamili», na kijana aliyefiwa na mdogo wake njiani atadhani anaulizwa kama ana hatia. Kumbe wengi wao tayari wanajishtaki bure kwa kuwa waliponyoka mkono wa mtu, au kwa kuwa walikimbia kwanza.

Hebu tuyapime maneno mengine yanayopendekezwa mara kwa mara. Umakini ni neno zuri, lakini darasani limezoea kuwa amri: «Uwe makini!» maana yake usikosee. Kuzingatia hufuatana na sheria na maagizo. Tafakari na taamuli humwelekeza mtu kuwaza zaidi, na kijana wetu amekwisha kulemewa na mawazo. Akili timamu humtukana, kwa kuwa humdokeza kwamba ana wazimu. Utulivu ni tunda la zoezi, wala si zoezi lenyewe. Tena tunda hilo halipatikani kila siku. Anayemwambia kijana «fanya zoezi la utulivu» amemwekea mtihani ambao ataushindwa siku moyo utakapokataa kutulia.

5. Sikia na sikiliza, tua na tulia

Sisi tunaona kwamba jina linalofaa limo katika kitenzi ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua. Kusikia, katika Kiswahili, si kazi ya masikio peke yake. Mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu. Nchini mwetu husikia hata lugha, yaani huielewa. Lakini kusikia hakuhitaji nia: mlio hukujia ukiwa umelala. Kusikiliza ni jambo jingine. Hapo mtu huleta nia yake, hukaa, hupokea kinachosemwa mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Tofauti hiyo imo katika umbo la kitenzi chenyewe. Mwanaisimu anajua kwamba Kiswahili kilipoteza sauti l iliyokuwa katikati ya irabu mbili mwishoni mwa vitenzi vingi, lakini sauti hiyo hurudi kitenzi kinaponyambuliwa: kaa hutoa kalia, vaa hutoa valia. Ndivyo sikia inavyotoa sikiliza, kwa kurudisha l na kuongeza kiambishi -iz-. Kwa kawaida kiambishi hicho hueleza kusababisha. Hapa hueleza kutenda kwa bidii na makusudi.

Sasa tumrudie kijana. Kujisikia anajisikia tayari, tena kupita kiasi: hofu humjia kama mlio usiku. Kinachopendekezwa na zoezi hili ni kuvuka kutoka kujisikia hadi kujisikiliza. Moyo unapopiga mbio, asiukimbie wala asiugombeze. Ausikilize kama anavyomsikiliza mgeni aliyefika na habari. Hofu inakaa wapi mwilini? Kifuani au tumboni? Inaongezeka au inapungua? Hayo ndiyo yote. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kujisikiliza liwe jina la zoezi hilo katika shule zetu. Haliamuru, halihukumu, wala haliahidi tusichokuwa nacho.

Na lile neno la wazazi, tulia? Nalo lina mizizi inayofaa kufukuliwa. Tulia linatokana na tua, kwa njia ile ile ya l inayorudi. Kutua ni kuweka chini mzigo; ni ndege kushuka mtini au ardhini. Kwa asili yake, basi, aliyetulia ni yule aliyetua mahali. Hakuna anayeweza kutulia akiwa bado ameubeba mzigo kichwani, na asiyesaidiwa kuutua haambiwi tulia kwa haki. Lugha yenyewe inatufundisha mpangilio: kwanza tua, ndipo tulia.

Kuna jambo la tatu katika sarufi yetu. Kiswahili husema «nina hofu», yaani niko pamoja na hofu. Husema pia «hofu imenishika» au «huzuni imenijia». Katika misemo hii hofu ni kitu kimoja na mtu ni mwingine. Kilichokuja kinaweza kuondoka, na aliyeshikwa anaweza kuachiliwa. Lakini tukimwambia kijana «wewe ni mwoga», tumeitia hofu katika ngeli ya watu: tumemfanya yeye mwenyewe kuwa hofu. Hatudai kwamba sarufi huponya wagonjwa. Tunasema tu kwamba mwalimu mwenye misemo miwili mdomoni anaweza kuchagua ule unaoacha mlango wazi.

Kuna utafiti unaoungana na wazo hili. Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapotaja kwa neno hisia anayoiona usoni mwa mwingine, kazi ya amigdala hupungua. Hiyo ni sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi ambayo huhusika sana na hofu. Kutaja hakuzidishi moto, kama wazee wengi wanavyodhani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

6. Ushahidi unasema nini?

Ni wajibu wetu kama watu wa chuo kikuu kupima madai haya. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza unatoka Sri Lanka. Baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, watafiti pamoja na washauri wenyeji waliofunzwa waliwahudumia watoto 31 wenye umri wa miaka 8 hadi 14, katika kambi ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Watoto hao walikuwa wamepatwa na msiba wa maji juu ya miaka ya vita. Kundi moja lilipewa vikao sita vya kusimulia maisha yao kwa utaratibu, pamoja na tukio lile. Kundi la pili lilipewa vikao sita vya kutafakari na kulegeza mwili. Baada ya miezi sita, asilimia 81 ya watoto wa kundi la kwanza na asilimia 71 ya kundi la pili hawakuwa tena na maradhi ya kiwewe. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na hakukuwa na kundi la tatu lisilopata msaada wa kulinganisha nalo. Kwa hiyo haiwezekani kujua ni wangapi wangepona wenyewe. Hata hivyo mfano huu unafundisha mambo mawili: msaada unaweza kutolewa na wenyeji waliofunzwa, na kusimulia na kutulia havipingani.

Mfano wa pili unatoka China. Tarehe 23 Juni 2016 kimbunga kikali kilipiga eneo la Yancheng na kuua watu karibu mia moja. Watafiti waliowafuata wanafunzi wa huko waligundua kwamba wale wenye tabia ya kuzipokea hisia zao bila kujihukumu walikuwa na dalili chache zaidi za kiwewe, na fikra chache zaidi za kujishtaki au kuiona dunia yote kuwa adui. Lakini tuangalie: watafiti walipima tabia ambayo vijana walikuwa nayo, hawakuwafundisha. Mambo mawili yakifuatana haina maana kwamba moja limezaa jingine.

Mfano wa tatu ni wa kutuonya. Nchini Uingereza zoezi hili lilijaribiwa katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8000, na matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Kwa wanafunzi wote kwa jumla, halikuonekana kuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya malezi yaliyokuwa yakitolewa. Na wengi wao hawakulifanya nyumbani. Wanafunzi hao hawakuwa wametoka katika msiba, kwa hiyo hali si moja. Lakini funzo lipo: zoezi linalopewa wote kwa agizo, kama somo la kukariri, halina nguvu kubwa.

7. Darasani

Je, mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi hamsini afanye nini? Hatumtaki awe daktari. Miongozo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 inaweka hatua tatu ambazo Kiswahili kinazibeba bila shida: tazama, sikiliza, unganisha. Atazame nani amebadilika. Asikilize bila kulazimisha. Amwunganishe kijana na ndugu zake, na chakula, na kituo cha afya palipo na mhudumu wa magonjwa ya moyo na akili.

Ndani ya hatua ya pili, kujisikiliza kunaweza kupata dakika tano za mwanzo wa somo. Wanafunzi wakae, nyayo zikiwa chini, macho yakiwa wazi. Macho wazi ni jambo la lazima kwetu, kwa kuwa kwa aliyeona moto, giza la macho yaliyofumbwa ndipo picha zinaporudi. Kila mmoja ataje kimyakimya vitu vitano anavyoviona, kisha sauti tatu anazozisikia. Halafu avute pumzi akihesabu hadi tatu, aitoe polepole akihesabu hadi tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huyapunguza mapigo ya moyo. Mwisho ajiulize: «Mwilini mwangu kuna nini sasa?» Anayetaka kusema aseme, asiyetaka aachwe. Akisema «nina hofu», mwalimu asijibu «usiogope». Ajibu: «Nimesikia. Inakaa wapi?»

Kuna mipaka mitatu ambayo hatuwezi kuinyamazia. Kwanza, kijana ambaye zoezi linamzidishia picha na kutetemeka aliache mara moja, apelekwe kwa mtaalamu. Kumlazimisha ni kumjeruhi mara ya pili. Pili, kujisikiliza si badala ya nyumba. Kijana anayelala chini ya turubai lenye kuvuja, asiyejua mama yake yuko wapi, anahitaji kwanza turubai zima na habari za mama. Kumfundisha pumzi huku tukimnyima hayo ni kumwambia tulia wakati mzigo uko kichwani. Tatu, hofu si adui siku zote. Jimbo letu limekuwa katika vita tangu miaka ya 1990, na mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliingia tena ndani ya Goma. Kijana anayelala chini akisikia bunduki hana maradhi, ana busara. Zoezi halikusudii kumfundisha asiogope. Linakusudia kumsaidia atofautishe lori linalopita na mlima unaopasuka, ili nguvu zake asizimalize kwa lori.

8. Hitimisho

Mwaka 2002, tuliporudi shuleni, mwalimu mmoja alituambia siku ya kwanza kwamba mwanamume ni kujikaza, kisha akafungua daftari la hesabu. Hatumlaumu. Yeye pia alikuwa amepoteza nyumba, na hakuna aliyekuwa amemwuliza habari zake. Tulijikaza. Lakini kilichokazwa hakikutuliwa, na hadi leo mwandishi wa makala hii hawezi kusikia bati likigongwa usiku bila kutafuta viatu vyake.

Tumejaribu kuonyesha kwamba zoezi lililotoka mbali linaweza kupata makao katika lugha yetu bila kuazima jina la kigeni. Kwamba jina hilo, kujisikiliza, linalinda maana ya zoezi kuliko utulivu au umakini. Na kwamba faida yake ni ya kiasi, nayo inategemea chakula, makao na watu wa kumsikiliza kijana. Kazi inayobaki ni kubwa. Tunawaomba wanafunzi wa idara yetu wanaotoka Goma, Rutshuru, Bukavu, Uvira na kwingineko wakusanye misemo ambayo vijana wa kwao hutumia kueleza hofu, huzuni na ukiwa, wailete kama ilivyo, pasipo kuinyoosha iwe sanifu. Orodha ya namna hiyo ingemsaidia mwalimu na mwuguzi kuliko kamusi nyingi. Binti yule wa viatu alianza kuvivua siku mama yake alipoacha kumwuliza kwa nini anavivaa, akaketi kitandani karibu naye na kusema: «Hata mimi nasikia baridi hiyo.»